Mikono Yangu Ilifufuka Warshani, Nyumbani Ikafa Ganzi Tena

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 44, na ni mhasibu katika kampuni moja hapa Mbeya. Jambo ninalokuandikia pengine wasomaji wenzangu wataliona dogo, kwa kuwa wengi huleta kwako habari za ndoa zinazovunjika na mirathi inayogombaniwa, lakini mimi linaninyima usingizi.

Nilizaliwa na kukulia Tukuyu, ambako mvua, kama unavyojua, hainyeshi kwa kubahatisha. Udongo ulikuwa tele na sisi watoto tuliufinyanga kila tulipopata nafasi. Wenzangu walitengeneza magari. Mimi nilitengeneza ng'ombe, zizi zima la ng'ombe, wenye nundu na mikia, na kila mmoja alikuwa na jina lake. Baba yangu, aliyekuwa mtumishi wa serikali na mtu mwema kabisa, alisimama siku moja mbele ya zizi hilo akaniambia, "Mwanangu, ng'ombe wa udongo hawatoi maziwa. Ingia ndani ukasome." Niliingia ndani nikasoma. Sikumchukia kwa hilo wala simchukii leo, kwa sababu kusoma huko ndiko kulikonilisha mimi na kumuuguza yeye mpaka alipofariki. Ila tangu siku hiyo sikugusa tena udongo, wala penseli ya kuchorea, wala chochote ambacho jibu lake halikupatikana mwisho wa kitabu.

Mwaka huu, kipupwe kilipoanza, rafiki yangu alinishawishi tuhudhurie warsha ya ufinyanzi iliyofanyika mwishoni mwa juma katika ua wa mama mmoja mtu mzima, mfinyanzi wa miaka mingi. Nilikwenda shingo upande. Mama yule alimpa kila mmoja wetu donge la udongo lenye ukubwa wa chungwa, akatuambia tuzime simu, tufumbe macho, tuzamishe kidole gumba katikati ya donge mpaka tukaribie kitako, kisha tuubane udongo polepole kati ya kidole gumba na vidole vingine huku tukilizungusha donge kiganjani. Hakusema lolote zaidi. Mwanzoni nilikuwa ninaiwaza ripoti ya mwezi. Baadaye, sijui saa ngapi, niliacha kuwaza. Nilipofumbua macho, chai niliyowekewa ilikuwa imepoa na kufanya utando juu, na kiganjani mwangu kulikuwa na kibakuli kilichopinda upande mmoja. Shangazi, nililia mbele za watu, wala sikujua ninalilia nini. Kesho yake tulifundishwa kuviringa kamba za udongo na kuzipandanisha kuwa chungu, na vyombo vyetu vilipokauka tuliitwa tena kuja kuvichoma. Kibakuli changu kilitoka motoni kizima, na sasa kiko juu ya meza yangu ofisini kikihifadhi kalamu.

Kwa muda baada ya hapo nilijiona mtu mwingine. Nilirudi nyumbani na udongo kwenye kucha, nikalala fofofo, na hata kazini nilijikuta ninapata njia mpya za kupanga mambo ambayo kwa miaka yote nilikuwa ninayapanga kama nilivyoyakuta. Nikaamua kwamba jambo hili halitaniponyoka tena. Nilinunua viroba vya udongo kutoka Kyela, nikavipanga uani karibu na tangi la maji, nikajiapiza kufinyanga kila jioni nikitoka kazini.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ninakaa mbele ya udongo ule na hakuna kinachonijia. Nikijilazimisha, chombo kinatoka kizito kama tofali, na nikikianika juu ya ukuta wa uani, kesho yake ninakikuta kimepasuka, kama si mdomoni basi kitakoni. Binti yangu wa darasa la sita alipotaka kukaa nami nilimfukuza asije akauchezea udongo ambao nimeutolea fedha. Mume wangu, ambaye ni mwalimu na hana kinyongo na jambo hili, ameanza kuniuliza nitauza lini ili angalau gharama irudi. Na wifi yangu alipoliona rundo la vyungu vilivyopasuka alicheka akasema, "Wifi, udongo uwahi ungali maji. Wa kwako umekauka zamani." Alisema kwa utani, nami nikacheka naye, lakini neno lile limenikaa.

Nina maswali matatu. Je, kilichonipata warshani kilikuwa kweli, au ulikuwa msisimko wa siku mbili ambao ningeupata hata kwenye sherehe ya harusi? Je, niache kazi nikasomee sanaa kabla umri haujanipita kabisa, maana ninaona kuifanya jioni jioni hakufai? Na rundo lile nilifanyie nini, kwa kuwa siwezi kulitupa na siwezi kulitazama?

Mwenye Mikono Mizito,
Mbeya

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani rundo lile linakutesa zaidi kuliko unavyokiri, na kwa sababu yale mawili ya kwanza umeyajibu vibaya moyoni mwako kwa kulitazama rundo hilo.

Vyungu vyako havikupasuka kwa kuwa huna kipaji. Vimepasuka kwa kuwa ulivianika juu ya ukuta, Mbeya, katika kipupwe. Udongo mbichi umebeba maji kati ya chembe zake, na maji hayo yakitoka chembe husogeleana na chombo kizima husinyaa. Si ajabu kipimo chake kupungua kwa asilimia 5 au zaidi. Kusinyaa kwenyewe hakuna ubaya. Ubaya ni sehemu moja ya chombo kusinyaa wakati jirani yake bado imelowa. Mji wenu uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti kuna baridi ya usiku, jua kali la mchana na upepo mkavu unaopasua hata midomo ya watu. Mdomo wa chungu, ambao ni mwembamba na unapigwa na upepo huo ndani na nje, hukauka kwa muda mfupi, huku tumbo na kitako vikiwa bado vibichi. Mdomo unataka kujikunyata, tumbo halijawa tayari, na mahali pa udhaifu panaachia. Huo ndio ufa wako wa mdomoni, na angekuwa fundi wa miaka 40 aliyekianika chombo chake pale juu ya ukuta, naye angeupata uleule.

Ufa wa kitakoni una asili nyingine, nami naweza karibu kukuapia kwamba vyombo vyako vina vitako vinene kuliko kuta zake. Wanaoanza wote huogopa kutoboa chini, kwa hiyo huacha udongo mwingi hapo, na kitako hicho kinene kikigandamana na tofali la ukuta hakiwezi kuteleza kinaposinyaa. Kikishindwa kuteleza hupasuka katikati. Tandika gazeti au nyunyiza mchanga laini chini ya chombo, ndani ya nyumba, mbali na dirisha. Kifunike kwa karatasi ya nailoni kwa siku za mwanzo, ukiifunua kidogo kila siku. Na mdomo ukishakuwa na nguvu ya kubeba uzito wake, kipindue kitako kipate hewa. Usiwe na haraka. Ukitaka kujua kama kimekauka kweli, usikitazame kwa macho, kiguse shavuni. Kikikupa ubaridi, bado kina maji.

Kuna jambo jingine ambalo huenda warshani hukuliona kwa sababu lilifanyika kabla hamjafika. Udongo mliokabidhiwa ulikuwa tayari: umechekechwa, umekandwa mpaka mapovu ya hewa yakatoka, na yamkini umechanganywa na mchanga au vigae vilivyopondwa. Wafinyanzi wengi wa Afrika huchanganya udongo mpya na chenga za vyungu vya zamani vilivyovunjika, kwa sababu chenga hizo, zikiwa zimekwisha kupita motoni, hazisinyai tena na huupa udongo njia ya kupumua. Wewe umeufungua udongo wa kiroba, ukautoa mawe makubwa, ukaanza kufinyanga. Ule wa Kyela ni udongo mzuri, ila ulihitaji kutayarishwa kwanza.

Sasa wifi yako. Methali aliyokurushia ilitungwa kwa ajili ya walezi wa watoto, na kwao ni ya kweli. Kwa udongo wenyewe ni nusu tu ya habari, na naona aliyeitunga hakuwa na ndoo karibu. Chungu kilichokauka bila kuchomwa, ukikivunja vipande vidogo na kuvitumbukiza katika maji, hulainika chenyewe na kurudi kuwa udongo kamili wa kufinyangia. Na jambo linalowashangaza wanafunzi wote ni kwamba kilichokauka kabisa hulainika upesi kuliko kilicho nusu mbichi, kwa kuwa matundu yake yameachwa wazi na maji huingia kwa nguvu. Kisichorudi ni kile kilichopita motoni. Moto ukifika karibu na nyuzi joto 600 za Selsiasi, maji yaliyofungamana na udongo wenyewe huwa yamekwisha kufukuzwa, na baada ya hapo hata ukiuloweka mwaka mzima utabaki kigae. Wewe, mwanangu, hukupitia tanuri lolote. Ulikaa ofisini tu.

Kwa hiyo usilitupe rundo. Livunje, na ulivunje ukiwa nje, umefunga kitambaa puani na kulinyunyizia maji, kwa kuwa vumbi la udongo mkavu si rafiki wa mapafu. Liloweke kwenye ndoo bila kulikoroga mpaka vipande vyote vimemeguka. Chekecha uji wake kwa chekecheke au chandarua cha zamani ili mawe na mizizi vibaki, uumwage juu ya gunia safi ukauke kiasi cha kushikika, kisha ukande. Udongo uliotunzwa mbichi ndani ya nailoni hauharibiki. Wafinyanzi husema kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kunyumbulika.

Nije kwenye swali la ukweli wa yale yaliyokupata. Yalikuwa ya kweli, ila hukuyatambua vizuri. Wewe umeamini kwamba warshani ulirudiwa na kipaji, na kwamba kipaji hicho kilikufuata nyumbani kisha kikakukimbia. Mimi, nikiisoma barua yako, ninaona kwamba warshani ulipewa vitu ambavyo mtu mzima mwenye kazi na familia hapewi na yeyote. Ulipewa saa ambazo zilikuwa zimekwisha kutengwa. Ulinyang'anywa simu. Ulipewa donge dogo, si kiroba. Ulikaa kati ya watu ambao mikono yao ilikuwa mizito kama yako. Na zaidi ya yote, kwa saa hizo hakuna aliyekuuliza kibakuli kile ni cha nini.

Hebu sasa tazama ulivyopanga mambo nyumbani. Umechagua jioni, baada ya kushinda kutwa na tarakimu, wakati akili inataka chakula na kitanda. Umejiwekea kila siku, kana kwamba ni deni la benki. Umejizungushia udongo wa kutosha kujengea banda, na kila unapokaa unataka kitu kitoke, kitu chenye kustahili, ili uthibitishe kwamba siku ile hukujidanganya. Umeondoa kila kilichokuwezesha kufinyanga ukabakiza udongo peke yake. Mikono inayosimamiwa namna hiyo haiwezi kucheza, na bila kucheza hakuna kipya kitakachotoka.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, huko Philadelphia nchini Marekani, walichapisha uchunguzi uliohusu watu wazima 39, ambao walipewa dakika 45 za kufanya sanaa wapendavyo kwa kalamu za rangi, karatasi za kukata na kubandika, au udongo. Mate yao yalipimwa kabla na baada. Takribani robo tatu ya watu hao walipungukiwa na homoni ya kotisoli, ambayo mwili huitoa unapokuwa katika msongo, na uzoefu wa sanaa haukuleta tofauti ya maana: aliyekuwa amezoea na ambaye hakuwahi walinufaika. Ni uchunguzi mdogo nami siuchukulii kama msahafu. Nimeutaja kwa sababu wale watu walipewa muda wenye mwanzo na mwisho, na hawakutakiwa kuonyesha umahiri wowote. Usingizi wako wa fofofo ulitokana na mambo kama hayo, nayo unaweza kujipatia mwenyewe.

Fanya hivi. Acha jioni zote. Chagua asubuhi moja ya mwishoni mwa juma, kabla nyumba haijachangamka, na uiambie familia kwamba saa hizo hupatikani. Simu ibaki chumbani. Chota udongo wa ukubwa wa chungwa, ukande kwa muda mrefu kuliko unavyoona inafaa, kisha fumba macho ufanye kibakuli kama ulivyofundishwa, na ukimaliza ufanye kingine cha namna ileile. Baada ya hapo chukua uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ukate kila kibakuli katikati, toka mdomoni hadi kitakoni. Najua moyo utakataa. Lakini ukikikata utauona ukuta wa chombo chako kwa ndani, mahali ulipobana sana na mahali ulipoogopa, na kile kitako kinene nilichokutajia kitakutazama usoni. Siku kadhaa za kukata zitakufundisha zaidi ya miezi ya kuanika. Vipande virudishe kwenye nailoni. Usitunze chombo chochote mpaka utakapokata kimoja ukakuta ukuta wake una unene uleule kuanzia juu hadi chini.

Ukichoka na vibakuli, finyanga ng'ombe. Ninasema kweli, wala sikutanii. Ulijua kuwafinyanga kabla hujajua kusoma, na mwendo wa vidole vya utotoni haupotei wote. Ila sasa jifunze lile ambalo mtoto hakulihitaji kwa sababu hakuwachoma ng'ombe wake: mnyama wa udongo asiwe mzito kwa ndani. Ukishamaliza umbo na likaanza kushikamana, lipasue tumboni, ulikombe kwa kijiko mpaka kuta zibaki na unene usiozidi wa kidole, kisha chanja kingo, zipake uji wa udongo, ulifunge, na uache tundu dogo mahali pasipoonekana. Maji yaliyobaki ndani ya donge nene yakigeuka mvuke motoni hutaka nafasi kubwa mno kuliko yaliyokuwa nayo, na yasipopata pa kutokea hulilipua, tena likalipuka pamoja na vyombo vya wenzako.

Na mwite binti yako. Ulimwondoa kwa sababu udongo una gharama, nawe uliondolewa kwa sababu ng'ombe hawakuwa na maziwa. Sidhani kama ninahitaji kuongeza neno hapo. Mpe donge lake, mweke upande wa pili wa meza, na usimwelekeze.

Kuhusu kuacha kazi, jibu langu ni hapana. Una watoto wa kusomesha, na sanaa inayolazimishwa kulipa ada ya shule ikiwa bado haijajua kutambaa itageuka kuwa msimamizi mwingine wa kukuogopesha. Ukitaka kusoma, yapo mafunzo mafupi ya sanaa ambayo mtu huyafuata katika likizo yake ya kawaida bila kuandika barua ya kujiuzulu. Watu watakutajia mfano wa Magdalene Odundo, kwa hiyo niutaje mimi kwanza ili usije ukautumia vibaya. Mama huyo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaanzia kwenye sanaa ya michoro na matangazo, akaenda Uingereza mwaka 1971 kuendelea na masomo hayo, na huko ndiko alikogeukia udongo. Leo vyungu vyake vimo katika makumbusho makubwa ya dunia, ikiwemo British Museum ya London. Lakini aligeuka akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kwa hiyo safari yake usiipime kwa rula yako. Mimi ninachokipenda katika habari zake ni kingine. Mwaka 1974 alikwenda kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja nchini Nigeria, ile Abuja ya zamani ambayo sasa inaitwa Suleja, akajifunza kufinyanga kwa mkono katika mila ya wanawake wa Kigwari, akina Ladi Kwali, mfinyanzi ambaye picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Mpaka leo Odundo hujenga vyombo vyake kwa kupandisha kamba za udongo, bila gurudumu, namna ileile uliyofundishwa katika ua wa mama yule. Hata yeye aliyekuwa na vyuo vya Uingereza aliona hana budi kwenda kukaa karibu na mikono inayojua.

Wewe huna haja ya kupanda ndege. Uko karibu na mojawapo ya sehemu zenye sifa kubwa kabisa za ufinyanzi katika nchi hii. Toka Mbeya, pita Tukuyu kwenu, teremka hadi Kyela na ufike Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe na vijiji vya jirani wamefinyanga kwa vizazi na vizazi, na vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi na kuuzwa mnadani Matema siku ya Jumamosi. Nenda siku hiyo. Usiende kama mtalii wa kupiga picha, nenda kama mwanafunzi: nyanyua chungu uone kilivyo chepesi ukilinganisha na ukubwa wake, gonga ubavuni kwa ukucha usikilize, kwa kuwa kilichoiva vizuri hutoa mlio na chenye ufa hutoa sauti ya mbao. Nunua kimoja bila kupunguza bei mpaka umkatishe tamaa muuzaji. Kisha, ukishakuwa mteja, muulize aliyekuuzia anakausha wapi vyombo vyake na kwa siku ngapi. Salimia kwanza, na ukiona wamechoka au wana wateja, rudi siku nyingine.

Safari hiyo itakusaidia pia kumjibu mume wako. Kwa wanawake wale kufinyanga ni kazi, wana ustadi wa kuifanya na wanailisha familia, ndiyo maana wanauza. Wewe bado unajifunza, na siku utakapoweka bei kwenye kibakuli utaanza kufinyanga kile ambacho jirani atanunua, kabla hujajua wewe mwenyewe unapenda kufinyanga nini. Wahenga waliosema mfinyanzi hulia gaeni waliijua biashara hiyo: vizuri vyote huenda sokoni, na mwenyewe hubaki na kigae. Kwa sasa kula kwenye kibakuli chako kizuri. Lakini swali la mumeo lina haki yake, nalo usilijibu kwa kununa. Wewe ni mhasibu. Mwekee mbele yake bajeti ndogo ya mwezi ya udongo, nailoni na nauli ya Matema, iwe fungu la burudani ya nyumba lenye kikomo chake, na umwambie kwamba fungu hilo halitarajiwi kurudisha kitu. Kama kwenu kuna king'amuzi cha kutazamia mpira, muulize kwa upole chenyewe kinarudisha gharama yake lini.

Mwisho ni habari ya moto. Usijaribu kuchoma uani kwako peke yako, kwa usalama wa majirani na kwa sababu kuchoma ni ufundi unaojitegemea, tena mgumu kuliko kufinyanga. Mtafute yule mama wa warsha. Muulize atachoma tena lini, na kama anaweza kukupa nafasi pembeni mwa vyombo vyake kwa vibakuli viwili vitatu na ng'ombe mmoja, vikiwa vimekauka kivulini kwa wiki mbili au zaidi na shavu lako limeridhika. Waulize pia wale mliokaa nao siku ile kama wangependa kurudi, kwa kuwa sidhani kama ni wewe tu uliyeshindwa kuendelea nyumbani. Akikubali, mchangie kuni.